Mabaki ya Kichupa

Katika nyumba ya Mama Pacha, hakuna aliyekunywa chai kabla ya kupimwa.

Ndivyo walivyozoea. Baba Pacha alikuwa mhudumu wa gari la wagonjwa. Kila asubuhi, akirudi kutoka zamu, alinawa mikono kwa sabuni, akavuta kiti, akaita, "Wagonjwa, pangeni foleni!"

Mapacha walikuja wakikanyagana. Mkubwa alitaka kutangulia kwa sababu alizaliwa wa kwanza. Mdogo alitaka kutangulia kwa sababu alikuwa amechoka kuwa wa pili. Baba aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa kila mmoja, akatazama saa yake, akahesabu mapigo ya moyo kimyakimya. Kisha alitoa hukumu.

"Huyu yu hai. Apewe chai."

Baada ya watoto alikuja Bibi, mama yake mzazi. Bibi alikunja mkono wa gauni mpaka juu, kana kwamba anakwenda kuchomwa sindano.

"Hesabu vizuri," alisema kila siku. "Moyo huu umevumilia watoto wengi na mume mmoja mkorofi."

"Huyu yu hai kuliko sisi sote. Apewe chai na sukari ya kuongeza."

Mwisho kabisa ilikuwa zamu ya Mama Pacha. Yeye alikuwa mshonaji, na maneno yake yalikuwa machache. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha la sebuleni. Asipotaka kusema jambo, alibana pini midomoni, na mtu mwenye pini midomoni nani atamlaumu kwa kunyamaza? Lakini mkono wake ukishikwa na vidole vile viwili, moyo ulisema wenyewe.

"Huyu anakwenda mbio," mumewe alisema. "Sijui ameona nini."

Mama Pacha alicheka chini kwa chini, akamimina chai.

Asubuhi moja, Baba Pacha alimshika Bibi mkono kama kawaida. Akatazama saa. Wakangoja. Wakangoja tena. Kichwa chake kikainama taratibu, kidevu kikagusa kifua, na pale pale kwenye kiti akaanza kukoroma.

"Jamani!" Bibi akasema. "Amenipima mpaka amelala! Kumbe moyo wangu ni wimbo wa kubembelezea watoto?"

Mapacha walicheka mpaka wakashika matumbo. Baba Pacha akashtuka, akafungua macho, naye akacheka.

"Mama, moyo wako umetulia mno. Umenilaza."

Mama Pacha hakucheka. Alikuwa amesimama karibu naye na birika mkononi, akayaona macho yake. Jikoni mle mwanga ulikuwa hafifu, na mahali penye mwanga hafifu mboni za macho hupanuka. Za mumewe zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Na matundu ya sindano Mama Pacha aliyajua vizuri.

Aliona na mengine. Joto lilikuwa kali, lakini mumewe alivaa shati la mikono mirefu. Alikuwa akijikuna shingo na pua. Wiki hizi alikuwa mchangamfu kupita kiasi, halafu mkali bila sababu, halafu usingizi.

Neno likampanda Mama Pacha kooni. Lilikuwa neno zito. Akaangalia birika.

"Chai inapoa," akasema.

Mchana ule watoto walikuwa shuleni na Bibi alikuwa ametoka. Mama Pacha aliingia chumbani na shati lililopigwa pasi. Akamkuta mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja uko wazi. Kulikuwa na alama za sindano, mpya na za zamani.

Wakatazamana. Baba Pacha ndiye aliyeinamisha macho.

"Ni mgongo," akasema.

Akamweleza. Siku moja lifti ya jengo refu iliharibika. Yeye na mwenzake walimbeba mgonjwa mzito kwa machela, ngazi baada ya ngazi. Mgongo ulilia kama mlango mbovu. Hakupumzika. Wahudumu walikuwa wachache na simu za dharura zilifuatana kama shanga. Halafu kulikuwa na yule mtoto waliyemfikia akiwa ameshakata roho. Tangu hapo, akifumba macho, alimwona.

"Kwenye gari tuna dawa kali ya maumivu," alisema. "Mgonjwa hahitaji kichupa kizima kila mara. Mabaki lazima yamwagwe. Nikajiambia, mabaki ni takataka. Nani anaibiwa takataka? Mara ya kwanza mgongo ukanyamaza. Kisha kichwa nacho kikanyamaza. Sasa nisipoipata, mwili mzima unapiga kelele."

"Na dereva wako haoni?"

Dereva aliitwa Polepole. Kazi yake ilikuwa kukimbiza gari la wagonjwa, lakini kila aliyemwona akifanya haraka, hata mtoto anayekula, alimwambia, "Polepole, utapaliwa!" Jina likamganda.

Kazini kwao sheria ilikuwa ya macho manne. Anayemwaga mabaki husema kwa sauti, "Namwaga." Mwenzake hutazama dawa ikimwagika, kisha hujibu, "Nimeona."

"Polepole ananiamini," alisema Baba Pacha. "Mimi nasema namwaga. Yeye anasema nimeona, huku anatazama usukani."

Mama Pacha alikaa chini. Shati alilolipiga pasi lilikuwa limejikunja mikononi mwake.

"Nitaacha mwenyewe," akasema mumewe. "Kazi hii naijua, mambo haya nayajua. Nina siku zangu za mapumziko. Ila usimwambie mtu. Wakijua, kazi sina."

Ilikuwa aibu kubwa, na waliilinda pamoja. Mama Pacha alikubali kwa kichwa tu.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Baba Pacha alitokwa jasho, akapiga miayo, akatapika, akatetemeka. Miguu haikutulia shukani. Bibi aliambiwa ni homa.

"Homa gani hii inayompigisha mtu mateke kama punda?" Bibi aliuliza, akakoroga uji wa pili.

Siku hizo hizo jirani yao alikuja kupima gauni. Alikuwa nesi katika zahanati ya kutibu watu wenye uraibu wa dawa za kulevya, na mtaani walimwita Dada Kicheko, kwa sababu akicheka, hata kuku wa nyumba ya tatu waliinua vichwa. Alisimama mbele ya kioo huku Mama Pacha akibana pindo.

"Jirani, hapa kiunoni acha nafasi. Mimi bado nina mpango wa kula."

Chumbani Baba Pacha akaugua, akapiga chafya, akaugua tena. Dada Kicheko akageuza sikio.

"Shemeji anaumwa?"

"Homa," Mama Pacha alijibu kupitia pini.

Dada Kicheko alimtazama kwenye kioo. Hakucheka.

"Jirani, ziko homa ambazo nami nazitibu. Mwenyewe siulizi kitu. Ukinitaka, ukuta wetu ni mmoja. Gonga."

Mama Pacha akatikisa kichwa kwamba hakuna neno, akainamia kazi. Pindo lile alilishona juu mno, ikabidi baadaye alifumue.

Hatimaye Baba Pacha akaamka, akaoga, akala kwa hamu. Asubuhi akawapima wote, wote wakawa hai. Akaenda zamu ya mchana akipiga mluzi. Mama Pacha naye akaimba kwenye cherehani, jambo ambalo Bibi alisema halijapata kutokea.

Jua halijashuka, Polepole akasimama mlangoni. Alikuwa na sare, kofia ameikunja mkononi kama kitambaa.

"Yu hai, shemeji," akasema. "Nimeanza na hilo ili usianguke. Yu hai."

Mama Pacha alishika mlango. Polepole, mtu wa kuwahimiza wengine watulie, alisimulia mbio mbio bila kuvuta pumzi.

"Tumempeleka mgonjwa, gari nimeegesha uwanja wa hospitali. Nimekwenda kununua maji. Narudi, namkuta nyuma, ameegemea ukuta. Midomo imepauka. Anavuta pumzi moja, halafu hakuna. Nikamwita. Nikamsugua kifua kwa nguvu. Kimya! Nikapiga kelele watu waje. Nikamlaza chali, nikainua kidevu, nikachukua ule mfuko wa kupulizia hewa. Yeye ndiye aliyenifundisha, shemeji, siku za mvua tukisubiri simu. Nikapuliza. Nikapuliza. Nesi akaja mbio na dawa ya kumzindua. Akavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji. Unajua aliniambia nini? 'Polepole, unalia nini?'"

Akajifuta pua kwa ile kofia.

"Shemeji, kosa ni langu. Nilisema nimeona. Sikuona. Nilitazama usukani. Nilidhani kumwamini rafiki ni kutomtazama."

Mama Pacha aliuachia mlango.

"Wewe ulitazama usukani," akasema kupitia pini. "Mimi nilitazama birika."

Hakwenda kwanza hospitali. Alikwenda kwanza ukutani, akagonga kwa ngumi. Dada Kicheko alitokea na sabuni mikononi. Mama Pacha alikuwa bado na pini midomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kola yake.

"Jirani," akasema, "haikuwa homa."

Dada Kicheko hakuguna wala hakushika kinywa. Alivaa viatu.

Hospitalini Baba Pacha alikuwa ameketi kitandani, amechoka lakini macho yako wazi. Bibi alifika nyuma yao, na sasa ilibidi aambiwe. Aliposikia, alisimama wima.

"Mwanangu si mtu wa vichochoroni! Ana vyeti ukutani!"

"Bibi," alisema Dada Kicheko, "dawa hii haisomi vyeti."

Akavuta kiti, akaketi usawa wa mgonjwa.

"Tusikilizane. Uraibu ni ugonjwa, na unatibika. Si tabia mbaya wala si laana. Unawapata madaktari, manesi, wahudumu wa ambulensi. Tena wao wako hatarini zaidi. Kazi ina presha, usingizi hakuna, huzuni wanaimeza, na dawa iko karibu na mkono."

"Lakini nilikuwa nimeacha," alisema Baba Pacha. "Kabisa. Leo mgongo ulinishika, nikasema mara moja tu. Na nilitumia kiasi kile kile cha siku zote."

"Hapo ndipo palipotaka kukuua, shemeji. Ulipokaa bila dawa, mwili ulisahau mazoea. Kiasi cha siku zote kikawa kikubwa mno kwako. Wengi tunawapoteza hivi hivi. Wanaacha peke yao, kwa siri, kisha wanarudi mara moja tu."

Bibi akakaa. "Sasa mnafanyaje? Mnamfunga kamba?"

"Hapana, Bibi. Kila siku atakuja kwetu, atapewa dawa ya kutuliza mwili, mbele ya macho yetu. Atazungumza na mshauri. Na mgongo wake utatibiwa, maana ndiko kidonda kilikoanzia."

"Kumwondolea dawa kwa kumpa dawa?"

"Mtu akivunjika mguu, tunampa magongo. Hatumwambii tupa magongo kimbia. Siku mguu ukiwa na nguvu, tunayapunguza."

Bibi akafikiri. "Na sisi?"

"Msimtukane. Msimfiche. Na msimwache peke yake na siri. Siri ndiyo inayomchoma sindano."

Baba Pacha alimtazama mkewe. "Na kazi yangu?"

"Msimamizi wako atajua," alisema Dada Kicheko. "Ajue kutoka kwako, au ajue kutokana na ajali. Chagua wewe."

Alichagua. Siku aliyoruhusiwa, alikwenda kituoni na mkewe upande mmoja na Polepole upande wa pili. Wahudumu walikuwa wanaosha magari. Msimamizi wa kituo alikuwa mama mkali, mwenye funguo nyingi kiunoni, na zikilia watu walinyoosha migongo. Baba Pacha aliomba kusema mbele ya wote.

Alisema yote. Mwisho sauti ikashuka.

"Kuna mgonjwa mmoja nilimpa dawa pungufu, ili mabaki yawe mengi. Njia nzima aliugulia. Nilimsikia."

Maji yaliendelea kutiririka kwenye mpira. Hakuna aliyeyafunga.

"Sikusifu," alisema msimamizi. "Hilo la mgonjwa litafuatiliwa, na yeye ataambiwa ukweli. Utakaa mbali na sanduku la dawa na mbali na gari. Utapokea simu za dharura ofisini. Utatibiwa. Daktari wako akisema uko tayari, tutazungumza, na utapimwa mara kwa mara."

"Ndiyo, Mama."

"Nawe Polepole, neno 'nimeona' si salamu. Utarudi darasani, na wote mtarudi naye." Akawageukia wengine. "Haya. Nani mwingine hapa mgongo unamuuma?"

Wakatazama viatu vyao. Kisha mkono mmoja ukapanda. Ulikuwa wa Polepole.

"Ajabu," alisema msimamizi. "Leo umewahi."

Watu wakacheka, na kicheko kikafungua mlango. Mkono mwingine ukapanda. Na mwingine. Mwishowe aliyekuwa ameshika mpira wa maji naye akainua mkono, akawamwagia wote. Msimamizi akabaki anawatazama, amelowa, funguo zake zinadondosha maji.

"Mungu wangu," akasema. "Kumbe ninaongoza wodi."

Tangu siku hiyo mambo yalianza kubadilika pale. Hayakubadilika yote mara moja, na mengine yalihitaji msimamizi awapigie kelele wakubwa wake huko juu. Lakini mgonjwa mzito sasa hakubebwa bila mtu wa tatu. Wakitoka kwenye tukio baya, walikaa kwanza pamoja, wakalisema, ndipo wakaenda nyumbani. Na aliyesema "Nimeona" alikuwa ameinama, macho kwenye kichupa, mpaka tone la mwisho.

Baba Pacha alikwenda zahanati kila asubuhi. Mapacha walimsindikiza hadi kona ya shule. Mtaani wengine walinong'ona. Bibi aliwakomesha.

"Mwanangu anatibiwa," aliwaambia dukani bila kuulizwa. "Na wewe hicho kikohozi chako unakitibu lini?"

Zilikuwepo siku ngumu. Siku moja mtoto mwingine alifia mikononi mwa wenzake, na Baba Pacha ndiye aliyeipokea ile simu. Jioni tamaa ya dawa ikamkaba. Zamani angejifungia. Sasa alimwita Polepole, wakazunguka uwanja wa mpira, wakazunguka tena.

"Tembea haraka kidogo, nawe!" Baba Pacha alilalamika.

"Polepole," alijibu mwenzake. "Hatuendi popote."

Waliporudi, Mama Pacha alikuwa amewawekea chakula. Mumewe alisema, "Leo nilitaka kurudia." Alisema hivyo hivyo, mezani, mbele ya Bibi. Bibi akamsogezea sahani.

"Lakini hukurudia. Kula."

Msimu ukapita, na mwingine. Mgongo ulipata mazoezi yake. Magongo yale ya Dada Kicheko yakaanza kupunguzwa. Ndipo daktari akatoa kauli, na msimamizi akamrudisha Baba Pacha kwenye gari, chini ya uangalizi. Sanduku la dawa lilibaki na mwingine, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba libaki huko.

Asubuhi ya kwanza aliporudi kutoka zamu, nyumba nzima ilikuwa imeamka kabla ya jogoo. Hata Dada Kicheko alikuwa ameketi jikoni, ndani ya gauni lake lililofumuliwa na kushonwa upya, akijifanya amekuja kuazima kiberiti.

Baba Pacha alikunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko. Akanawa kwa sabuni. Akavuta kiti.

"Wagonjwa, pangeni foleni!"

Mapacha wakakanyagana. Safari hii Mdogo alishinda, akapiga kelele za ushindi hata mapigo yake hayakuhesabika. Bibi akakunja mkono wa gauni.

"Hesabu vizuri. Na ole wako ulale."

"Huyu yu hai. Apewe chai na sukari ya kuongeza."

Dada Kicheko naye akapimwa. "Huyu moyo unacheka," ikatoka hukumu, na kuku wa nyumba ya tatu wakainua vichwa.

Kisha ikafika zamu ya Mama Pacha. Akatoa mkono. Vidole viwili vikatua pale pale vilipozoea kutua. Havikutetemeka. Mumewe akatazama saa, akahesabu mpaka mwisho. Akainua macho, na mboni zake zilikuwa pana kwenye mwanga ule hafifu.

"Huyu anakwenda mbio," akasema. "Sijui ameona nini."

Mama Pacha hakucheka chini kwa chini. Wala hakuutoa mkono wake. Neno lile zito la asubuhi ile lilipanda tena kooni.

"Mama," alisema Mdogo, "chai inapoa."

"Acha ipoe," alisema Mama Pacha.

Jikoni wote wakamgeukia. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Aliugeuza mkono wake, akaweka vidole vyake viwili kwenye kifundo cha mkono wa mumewe, akayasikia mapigo.

"Asubuhi ile ulipolala ukimpima Mama," akasema, "nilisema chai inapoa. Sikutaka kusema hivyo. Nilitaka kusema: naona unatuacha, mume wangu, na mimi sijakuruhusu."